Menyu ya kuchomoza ambayo dereva anaipanga mwenyewe

Chalii yangu, umeuliza utawekaje menyu ya kuchomoza ambayo dereva wa safari anapanga vitufe vyake mwenyewe. Kama app yao umeitengeneza kwa Flutter (zana ya Google ya kutengenezea app) mbona hiyo kitu sio ngumu, PopupMenuButton, yaani kitufe cha Flutter kinachofungua menyu, inatosha kabisa, ila vitufe usiviandike kimoja kimoja ndani ya kodi, viweke kwenye listi halafu itemBuilder (sehemu yake inayojenga vitufe) ndo ivichore kutoka humo, ukigusa listi menyu nayo inabadilika. Kupanga weka ReorderableListView (listi ya Flutter inayopangika kwa kuburuta) kwenye setingi, mtu anashikilia anaburuta. Hapo kwenye onReorder (kodi inayoitwa akishaburuta) akiburuta kushuka chini toa 1 kwenye newIndex, yaani namba ya nafasi mpya, wengi wanakwamaga hapo. Kisha sevu mpangilio kwa shared_preferences (pakeji ya kutunza data ndogo kwenye simu), na usevu id, yaani kitambulisho cha kila kitufe kisichobadilika, sio majina, maana ukija kubadili lugha mpangilio wote unavurugika. Ukiongeza kitufe kipya kwenye apdeti nacho kama hakimo kwenye listi ya zamani kitupie mwishoni, la sivyo waliokuwepo hawatakiona.

Ukubwa wa kitufe usishuke chini ya dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), mtu gari linaruka huko barabara ya vumbi Monduli hawezi kulenga kitu kidogo. Na kitufe cha dharura usimruhusu dereva akitoe bana, hata akitaka.