Alama ya BRELA hailindi Zanzibar

Ndugu, umeuliza kama alama ya biashara ya sabuni zako, uliyoisajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara), inakulinda na Unguja. Haikulindi. Miliki ubunifu, yaani haki juu ya alama, michoro na uvumbuzi, si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2008, na ofisi yake ni BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar. Huko unapeleka ombi jipya kabisa. Sabuni za kuogea na kufulia huingia daraja la 3 (bidhaa hupangwa kwa madaraja wakati wa kusajili alama), lakini ukiuza na mishumaa, hiyo ni daraja la 4. Itaje mapema, maana ulinzi unafuata bidhaa ulizoziandika. Usajili wa Zanzibar hudumu miaka 10, kisha unahuisha. Bara unaanza na 7, basi usichanganye tarehe.

Na tafadhali sana, cheti cha jina la biashara si alama ya biashara. Watu wengi wanaumia hapo.

Mchoro wa ua kwenye lebo una hakimiliki tangu ulipochorwa, bila kusajiliwa. Ila kama ulimlipa mchoraji wa nje, mwambie akuhamishie haki hiyo kwa maandishi yenye saini. Risiti ya malipo pekee haitoshi.