Kuhusu mtaji wa shilingi 20,000 na kuhesabu karata

Ndugu, umeuliza iwapo shilingi 20,000 zinaweza kukua ukihesabu karata za blackjack (mchezo wa kukaribia 21 bila kuzidi), yaani kufuatilia zilizokwisha kutoka ili kujua kama zilizobaki zinakufaa, katika kasino ya hapa Kisumu, na kama mbinu hiyo inafaa pia kwenye simu. Kwenye simu usijisumbue: programu za mchezo huu kwa kawaida huchanga karata upya baada ya kila mzunguko, hivyo hesabu haina pa kushika.

Mezani, hesabu yenyewe si ngumu. Karata za 2 hadi 6 ni +1, 7 hadi 9 ni sifuri, na 10, picha na esi ni −1. Jumla hugawanywa kwa idadi ya pakiti zilizobaki; jibu likiwa kubwa, karata zilizobaki zinakufaa zaidi. Chukua pakiti moja, fungua karata mbili mbili huku redio ikipiga kelele, na ikiwa ukimaliza zote 52 hupati sifuri, bado hujaiva.

Linalonitia hofu hasa ni mtaji. Hata mhesabuji hodari hupata faida ya takribani asilimia 1 tu. Katika mizunguko 100 ya dau la shilingi 500 atatarajia shilingi 500, ilhali bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha kwa zaidi ya 5,000, na hasara hizo zikifuatana, mtaji wako utakwisha kabla faida haijaonekana. Wanaoifanya kazi hii kwa makini hutenga mamia ya madau. Wewe una 40. Ikiwa fedha hizo ni za karo au kodi ya nyumba, nakusihi usiziguse, ufanye mazoezi nyumbani kwa njugu.