Kupigwa mionzi au kupigwa picha?

"Shikamoo mwalimu. Nasomea udaktari wa meno, mwaka wa nne, hapa Dar es Salaam. Mkufunzi wetu hataki tuwaambie wagonjwa 'tunakupiga picha ya jino'. Anasema picha ni za kamera, eksirei ni mionzi, hivyo tuseme 'tunakupiga mionzi'. Pia tunabishana kama weusi unaoonekana kwenye ncha ya mzizi tuuite kivuli, na kama jino namba 36 lisomwe 'thelathini na sita'. Tusaidie."

Marahaba, mwanangu. Mkufunzi wako ana haki ya kudai usahihi, na ni kweli kwamba eksirei ni mionzi. Wilhelm Röntgen alipoigundua huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, hakujua ni mionzi ya namna gani, akaipa herufi X, ile ya kisichojulikana katika hesabu. Waswahili tukalipokea jina, tukalitia irabu, likawa eksirei. Lakini picha nayo ilikuwapo tangu mwanzo. Januari 1896, hata miezi mitatu haijapita, Otto Walkhoff wa Braunschweig alijiwekea mdomoni kipande cha kioo cha mpiga picha, akavumilia mionzi kwa dakika 25 ili apate sura ya meno yake. Kioo hicho kilikuwa cha kupigia picha za kawaida. Kwa hiyo anayesema picha ya jino hajakosea kitu.

Tatizo langu liko kwenye "kupigwa mionzi". Kitenzi piga katika lugha yetu huazima maana kutoka kwa nomino inayokifuata: twapiga pasi, twapiga simu, twapiga mswaki, twapiga magoti, na hakuna anayeumia. Ukisema umepigwa picha, msikilizaji anaiona picha. Ukisema umepigwa mionzi, anaona mionzi yenyewe ndiyo kazi iliyofanywa, na kwa mtu wa Dar es Salaam kazi hiyo ina jina na mahali: ni tiba ya saratani, ni hospitali ya Ocean Road. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki moja ya meno, zamu yangu haijafika, kijana mwenye koti jeupe akamwambia bibi aliyekuwa mbele yangu, "Bibi, njoo tukupige mionzi." Bibi hakuinuka. Alishika shavu lililovimba, akamgeukia mjukuu wake akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani wameona kansa?" Alikuja na jino bovu tu. Hofu ile iliniuma, maana ilitokana na neno moja lililotumika pasipo mahali pake.

Basi mwambieni mgonjwa: "Tunakupiga picha ya eksirei." Picha inabaki, chanzo chake kimetajwa, na hakuna anayetishika. Akiuliza kama kuna mionzi, mjibu kwamba ipo, ni kidogo, na mweleze. Kumficha si kumheshimu. Darasani na kwenye ripoti semeni mionzi kadiri mtakavyo, kwa kuwa huko mnazungumzia kipimo chake na namna ya kujikinga nayo.

Kivuli sasa. Neno hili lina utamu wake, na ofisini tumelipanua mpaka nakala kivuli, ile inayotolewa kwa mashine. Ila kwenye picha ya jino linapotosha. Kivuli hutokea pale kitu kinapozuia mwanga. Katika eksirei, vinavyozuia mionzi ni gamba gumu la nje ya jino, mfupa, na zaidi ya vyote jino lililozibwa kwa madini, na vyote hivyo hutoka vyeupe. Jipu lililokula mfupa kwenye ncha ya mzizi huipitisha mionzi, nalo hutoka jeusi. Ukifuata maana halisi, kivuli ni ule weupe! Jicho la Mswahili halitakubali hilo, wala silaumu. Ndiyo maana napenda mseme mnachokiona, "weusi kwenye ncha ya mzizi", na mkitaka istilahi andikeni "sehemu inayopitisha mionzi" kwa nyeusi na "sehemu inayozuia mionzi" kwa nyeupe. Ni ndefu kuliko kivuli, lakini anayezisoma anajua papo hapo kwa nini rangi imekuwa hivyo.

Na mnapoandika kulia au kushoto, ongezeni "wa mgonjwa". Picha ya mataya yote husomwa kana kwamba mgonjwa amekutazama, kulia kwake kuko kushoto kwako. Kung'oa jino zima na kuacha bovu ni madhara yasiyorudishika.

Hilo linanileta kwenye 36. Hiyo si hesabu, ni tarakimu mbili zilizokaa pamoja kama namba za simu. 3 ni robo ya kinywa, chini kushoto kwa mgonjwa, na 6 ni jino la sita ukihesabu kutoka katikati, yaani gego la kwanza. Lisomwe "tatu sita". Ukitamka "thelathini na sita" umemtaja mtu mwenye meno yasiyopungua 36, na mtu mzima mwenye kinywa kilichotimia ana 32.