Kwa nini gari la wagonjwa husubiri wakati ndege yenye dharura inatua?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Moshi. Hivi karibuni tulishirikishwa katika zoezi la dharura kwenye kiwanja cha ndege. Gari letu liliwahi kufika, lakini tulizuiwa mahali pa kusubiri mpaka zimamoto walipoifikia ile ndege ya mazoezi. Ikiwa rubani ameomba kipaumbele na mnara wa kuongozea ndege umempa, mbona sisi tunaokwenda kuokoa watu wake hatupewi? Na hapo uwanjani anayeamuru ni nani hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeongoza ndege nikiwa mnarani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Arusha, na swali lako wameniuliza hata madereva wa zimamoto. Kipaumbele hupewa ndege, na maana yake ya kwanza ni kwamba njia ya kutua iwe tupu. Gari lenu likiingia humo bila ruhusa, hata kwa nia njema kabisa, linakuwa limemnyang'anya rubani kile alichokiomba.

Lakini neno lenyewe "kipaumbele" lina mtego. Ndege iliyokuja KIA, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, kumchukua mpanda mlima aliyezidiwa Kilimanjaro hupewa kipaumbele kwa sababu ya mgonjwa, ilhali yenyewe ni nzima, na huenda zimamoto wasitoke kituoni. Rubani ambaye ndege yake iko hatarini hutamka "Mayday" mara tatu. Akiwa na tatizo la haraka lisilofikia hatari hiyo, hutamka "Pan-pan" mara tatu. Mnamo Januari 1990, marubani wa Avianca, shirika la ndege la Kolombia, waliokuwa wakielekea New York waliomba kipaumbele na kusema mafuta yanawaishia, lakini hawakutangaza dharura kwa maneno yanayotambulika. Ndege ilianguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 walifariki. Tangu nilipofundishwa habari hiyo, kila rubani aliyenitajia "kipaumbele" nilimuuliza papo hapo kama anatangaza dharura.

Akishaitangaza, mwongozaji humuuliza, pale nafasi inaporuhusu, ndani wamo watu wangapi, mafuta yaliyobaki yanatosha muda gani, na kama kuna mzigo wa hatari. Majibu hayo, pamoja na aina ya ndege, tatizo lake na dakika inayotarajiwa kutua, hupelekwa zimamoto kwa simu ya moja kwa moja au king'ora, na hospitali huitwa kwa mujibu wa mpango wa dharura wa kiwanja. Zimamoto hujipanga kandokando ya njia, kila gari mahali pake, kwa kuwa lengo lililowekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni gari la kwanza kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3 na kuanza kumwaga povu. Dakika hizo hazihesabiwi kwa gari la wagonjwa, nanyi hamna sababu ya kushindana nazo.

Kuhusu amri: mpaka ndege isimame, harakati zote za njiani ziko chini ya mnara. Ikishasimama, uamuzi wa kuwashusha abiria kwa dharura kwa kawaida ni wa rubani mkuu, na eneo linaloizunguka huwa chini ya kamanda wa zimamoto. Ninyi mnapokea majeruhi mahali salama, upande unaotoka upepo, ambako moshi hauwafikii. Hata hapo, gari lolote linalotaka kukatiza njia bado linahitaji ruhusa ya mnara, na gari la nje lisilo na redio yetu linapaswa kuongozwa na gari la kiwanja.

Usidhani ni urasimu. Mjini Lima, Novemba 2022, gari la zimamoto lililokuwa katika zoezi la kupima muda wa kufika liliingia njiani wakati ndege ya abiria ikishika kasi ya kuruka; abiria wote walinusurika, lakini wazimamoto waliokuwa garini walikufa. San Francisco, Julai 2013, abiria aliyelala chini akiwa amefunikwa na povu alikanyagwa na magari ya uokoaji. Ikiwa wenye kazi hiyo waliweza kutomwona, dereva wa gari la wagonjwa asiyekijua kiwanja angemwonaje?

Kwetu kuna jambo jingine tena. KIA ina njia moja tu ya kurukia na kutua, yenye urefu wa takribani kilomita 3.6. Ikizibwa, ndege kubwa zilizo angani lazima zipelekwe mbali, kwa maana kiwanja cha Arusha pale Kisongo kina njia fupi mno kwao. Desemba 2013 njia ya KIA ilizibwa na ndege ndogo iliyoharibika, na Boeing 767 ikaishia kutua Kisongo kimakosa. Kwa hiyo wakati ninyi mnasubiri, mwongozaji anahesabu pia mafuta ya wale walio juu.

Kabla ya zoezi lijalo, hospitali yenu iombe nakala ya ramani ya kiwanja iliyogawanywa kwa miraba yenye herufi na namba. Mkiambiwa mraba fulani, dereva ajue ni lango lipi la kuingilia bila kuuliza.