Mchirizi hauzibwi

SWALI: Msomaji wa Nyakato, Mwanza, anafufua Peugeot 404. Fundi bodi amemwandikia gharama za "kuziba na kubadilisha mchirizi, kulia na kushoto." Anauliza: iandikwe kubadili au kubadilisha?

JIBU: Kubadilisha. Kipuri kikitolewa na kingine kikawekwa mahali pake, ndivyo wengi wasemavyo, ingawa kubadili si kosa. Hilo limekwisha. Kosa lenyewe limekaa mwanzoni mwa sentensi, na msomaji amelipita bila kulishtukia: kuziba mchirizi!

Mchirizi umetokana na kuchirizika, kama machozi yachirizikavyo shavuni. Kwenye gari ni ule ukingo wa bati uliokunjwa juu ya milango, unaodaka maji ya paa na kuyapeleka mbele au nyuma, yasimmwagikie abiria anayeshuka. Kazi yake yote ni kuwa wazi. Ukiuziba, umeuua. Mchirizi huzibuliwa. Katika Kiswahili irabu moja tu hutosha kupindua tendo: funga, fungua; kunja, kunjua; ziba, zibua. Irabu moja, na watu wanaiacha barabarani!

Kinachozibwa ni kiungo. Ndani ya mchirizi bati la paa na bati la ubavu hupishana, yakashikwa kwa nukta za weldingi, na kati ya nukta na nukta hubaki mwanya. Kiwandani mwanya huo hufunikwa kwa sila, ule mpako mzito wa kuzuia maji. Miaka ikipita sila hukakamaa na kupasuka, maji huingia, kutu hula kutokea ndani. Rangi ikianza kuvimba, ujue bati limeliwa siku nyingi.

Sasa mwambie kijana wa gereji "ziba mchirizi". Ataujaza silikoni mpaka ukingoni, na hana kosa, ametii neno. Masika ikifika, maji ya paa yanakosa njia na kumwagikia dirishani, na unyevu uliofungiwa chini ya silikoni unaendelea kula bati. Tena ile silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, ikachochea kutu kwenye bati tupu. Na rangi haiishiki.

Mwambie "ziba kiungo cha mchirizi", naye atajua pa kushika: akwangue sila kuukuu yote, apige brashi ya waya mpaka bati ling'ae, achokonoe kwa ncha ya bisibisi aone panapobonyea. Bati likiwa zima, apake praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayokinga kutu, kisha utepe mwembamba wa sila ya poliyurethani juu ya kiungo tu, ausawazishe kwa brashi ili njia ya maji ibaki, halafu rangi.

Bati likitoboka ndipo kubadilisha kunapokuja. Kipande kipya kiwe na unene wa bati la zamani, karibu milimita 0.8 hadi 1. Kitobolewe matundu ya milimita 6 hadi 8 kila baada ya sentimita 3 au 4, nyuso zitakazokutana zipakwe praima ya zinki, kisha matundu yachomelewe kwa kurukaruka, moja huku, jingine kule, kwa sababu joto la mfululizo hupinda paa. Na usikate pande zote mbili kwa pamoja: paa linashikwa hapo.

Wapo watakaosema, "Mradi tunaelewana." Hatuelewani, silikoni iliyofurika ndiyo ushahidi. Shokapu, weldingi na sila nimezipokea zamani, kwa kuwa neno la kukopa halijawahi kumwingizia mtu maji garini. Kuziba mchirizi sikupokei.

Mrudishie fundi karatasi yake aandike: "Kuzibua mchirizi, kuziba kiungo chake, kubadilisha vipande vilivyooza, kulia na kushoto." Siku ya kuchukua gari, mwagia paa ndoo ya maji. Yatoke kwenye ncha za mchirizi, na zulia chini ya viti libaki kavu.