Nakimbia kila Jumapili, mbona miguu inajaa nikitoka ofisini?

SWALI: Habari dokta. Mimi ni mhasibu, nina miaka 39, nimehamia Dodoma toka Dar na ofisi yetu iko Mtumba. Kuanzia saa moja na nusu asubuhi niko kwenye kiti, na kipindi hiki cha bajeti ndo usiseme, natoka giza limeshaingia. Jumapili nakimbia kilomita 7 kule Nzuguni ninakoishi, sikosi. Lakini siku za kazi nikifika nyumbani vifundo vimejaa, soksi zimeacha alama, viatu vinabana. Mtu wa ofisini kanishauri ninunue ile meza ya kusimamia. Je mazoezi yangu hayatoshi? Na hiyo meza itasaidia?

JIBU: Dada yangu, kwanza mimi sio dokta, ni mtu wa fiziotherapia, ila huku kila aliyevaa koti jeupe anaitwa dokta nimeshazoea.

Hongera kwa hizo kilomita, usiziache. WHO wanataka dakika 75 mpaka 150 za mazoezi makali kwa wiki, au 150 mpaka 300 za wastani, na wewe peke yako Jumapili moja una kama dakika 50 za makali. Kwahiyo hujapungukiwa sana. Tatizo lako ni kingine: Jumapili haiwezi kuilipia Jumatatu.

Iko hivi. Damu kushuka miguuni ni rahisi, kupanda ndo kazi, na kazi hiyo sehemu kubwa inafanywa na vigimbi. Ukitembea kigimbi kinajikaza, kinaibana mishipa inayorudisha damu, damu inapanda, na ndani ya mishipa kuna vali ndogo ndogo zinazozuia isirudi chini. Sasa wewe umekaa masaa matatu umezama kwenye Excel, mguu haujongei hata kidogo, pampu umeizima, presha ndani ya mishipa ya chini inapanda na maji yanachuja taratibu kuingia kwenye nyama za vifundo, ndo hiyo alama ya soksi. Na pampu hii haina akiba, ulivyokimbia jana leo haikumbuki.

Jambo hili si geni. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake kule Uingereza walichapisha utafiti wao wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi lilelile, ruti ileile, lakini dereva anayekaa siku nzima alipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko konda anayepanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Angalia sasa ofisini kwetu. Zamani jalada lilikuwa linatembea na mtu anatembea nalo, masijala, kwa bosi, kwa mwanasheria, linarudi masijala. Siku hizi e-Ofisi, unabonyeza tu limefika. Mfumo mzuri, siusemi vibaya, ila umetugeuza wote kuwa madereva.

Meza ya kusimamia, hela yako weka kwanza. Kusimama tuli sio kutembea, kigimbi bado kimelala, muulize mlinzi wa getini miguu yake inakuwaje ikifika jioni. Kama ofisi inakununulia chukua, inasaidia kubadilisha mkao, lakini usitegemee itaondoa uvimbe.

Cha kufanya ni kuinuka mara nyingi kwa kidogo kidogo. Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 2023 walijaribu viwango tofauti na kilichofanya vizuri kwa sukari baada ya kula na kwa presha pia ni kutembea dakika 5 kila nusu saa. Watu walikuwa 11 tu, na najua mwezi wa bajeti ukiinuka kila nusu saa bosi atauliza unaumwa nini, basi hata dakika mbili chukua. Mimi nilichofanya niliiondoa mezani ile chupa ya maji ya lita moja na nusu nikabaki na kikombe cha chai. Maji yako kwenye dispensa mwisho wa korido, kikiisha nainuka, na maji yenyewe baada ya muda yanakuinua tena kwenda chooni, hapo huhitaji alamu wala nini.

Na mfumo wa kompyuta ukianza kuzunguka bila kufunguka (mwisho wa mwezi unazunguka kweli), simama nyuma ya kiti, inua visigino taratibu, shusha taratibu, mara 20. Sketi ya kubana haikuzuii. Zile squat za YouTube waachie wenye trakisuti. Mchana ukishakula usirudi kwenye kiti moja kwa moja, zungukeni na mwenzio dakika 10, jua la saa saba likizidi pitieni kwenye korido na ngazi.

Ila sikiliza hapa. Hayo yote ni kama miguu yote miwili inajaa jioni na asubuhi iko sawa. Ukivimba mguu mmoja, unauma, una joto, usifanye zoezi lolote, nenda hospitali siku hiyohiyo maana inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na kifua kikibana au pumzi ikikata ni dharura. Kama asubuhi unaamka bado umevimba, kapime mkojo, figo na moyo. Na kama una ujauzito, au unatumia amlodipine ya presha, mwambie daktari wako, ile dawa nayo huvimbisha vifundo na anaweza kukubadilishia, usiiache mwenyewe.