Nirudi nyuma au niendelee?

SWALI: Dada, shikamoo. Nacheza mchezo wa video, The Witcher 3, kwa binamu yangu hapa Umoja. Nilimuua yule roho aliyefungwa chini ya mti, na baadaye nikakuta watoto yatima wa kinamasini wametoweka. Binamu anasisitiza kwamba nilipaswa kumwachilia. Nirudi nyuma? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Binamu amekupa nusu ya habari. Ukimwachilia roho huyo, watoto wanaokoka, lakini anaangamiza kijiji cha Downwarren. Anna, yule mama aliyekuwa akiwalea watoto hao, anakufa, na mumewe, Baron, bwana wa eneo hilo, anajinyonga. Kwa uamuzi wako, Anna amerukwa na akili ila yu hai, na mumewe anampeleka kwa mganga. Njia safi haipo, na kwa hilo nawapa heko waandishi wa CD Projekt Red wa Poland, waliotoa mchezo huu mwaka 2015.

Mtazame Baron mwenyewe. Ni mlevi, alikuwa akimpiga mkewe. Mimba ya mkewe ilitoka, na kichanga kilichozikwa bila jina kikageuka zimwi kwa laana. Lakini ukichagua kuondoa laana hiyo badala ya kupigana nalo, unamwona Baron amekibeba mikononi kichanga hicho, akakiita Dea, akakizika upya kizingitini. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na sijui michezo mingi inayoweza kunifanyia hivyo.

Kwa hiyo usirudi. Kubali ulichochagua hadi mwisho, maana uliamua kwa yale uliyoyajua wakati ule. Ukimaliza, anza upya, umwachilie roho, usikilize wahusika wale wale wakisema mengine kabisa.